Gunia la Makonyo

Kila usiku saa nane, Mtambwe imelala,
kompyuta ndogo juu ya rafu, ubavuni mwa mizani,
huamka peke yake, ikajinakili.
Asubuhi, mkate wa kumimina mkononi,
simu huniambia: Nakala imekamilika.
Alhamdulillahi, nasema. Namimina chai.

Miezi saba.

Mtambo huu ni wetu, hatukumpangisha mtu.
Marehemu Shaame alikataa katakata:
hesabu ya wachumaji hailali nyumba ya jirani.
Basi imelala kwetu. Pishi za Biubwa Khatib,
pishi za Salhina na wanawe wawili, kila mmoja na mstari wake,
na za Tumu, kijana wa Kojani, aliyekataa kutia saini:
"Nipige picha. Uso huu hauna wa pili."

Mali bila daftari hupotea bila habari,
hilo tulifundishwa wadogo.
Na daftari bila nakala? Hapo hakuna aliyetufundisha.

Kilichonitia shaka si radi wala umeme kukatika.
Ni mkono wa Faki, mpimaji.
Gunia lije limeshonwa vizuri, linanukia mlango mzima,
yeye haliangalii juu.
Hufumua kona, akazamisha mkono mpaka kwapani,
akatoa konzi ya katikati, akaifungua mbele ya mwenyewe.
Siku ile yalitoka makonyo matupu.
Mwenye gunia akaapa hakujua.
Nami nikamuamini, ndipo nikaogopa.

Usiku nikachukua laptopu kuukuu ya shemeji,
ile isiyo na herufi M,
nikaita nakala zangu moja moja.
Mia mbili na kumi, zimepangwa kwa tarehe kama majamvi uwanjani.
Zote uzito mmoja.
Msimu umeingia, watu wamechuma, wamelipwa, wamegombana,
na daftari halikunenepa hata punje!
Nilikuwa nikiliona kila siku. Sikuwa nikiliangalia.

Nikafungua ya jana. Hamna.
Ya juzi. Hamna.
Mfunguo Nne nilibadilisha toleo, daftari likahamia folda nyingine,
nami sikuuambia mtambo.
Basi kila saa nane ulikwenda, mtiifu,
ukanakili chumba tulichohama,
ukafunga mlango taratibu, ukaniandikia: imekamilika.

Daftari lenyewe lilikuwa hai bado, rafuni,
kitaa chake cha kijani kikipepesa.
Moja tu. Duniani kote, moja.
Mvua ikaanza kugonga bati
nami nikakurupuka kama wa kuanua,
na uwanjani hakuna hata karafuu moja.

Nikausimamisha mtambo, maana hesabu inayoandikwa
hainakiliki ikatoka sawa.
Nikatoa daftari lote. Nikakumbuka picha, zilizo folda yao,
nimeshafika mlangoni nikarudi.
Nikalifunga kwa neno la siri, nikajisifu,
kisha nikacheka peke yangu:
neno lenyewe nimeliandika wapi? Humo humo ndani.
Nikalinakili kwa kalamu, nikalitia sandukuni
pamoja na hati ya shamba.
Nakala moja ikaingia kopo la biskuti.
Moja ataondoka nayo Riziki kwa boti ya Mkoani,
mkobani, baina ya kanga na dawa ya presha,
ikakae Unguja, moto wa huku usiifikie.

Lakini sikulala.
Kwenye laptopu ya shemeji, mahali patupu,
nikajenga mtambo upya na kuumiminia nakala.
Nikatafuta: Tumu.
Uso ukateremka polepole, paji, nyusi,
kisha lile tabasamu la mtu anayejua bei.
Pishi sitini na moja u nusu.
Ile nusu ndiyo iliyoniliza.

Asubuhi simu ikasema:
Nakala imekamilika.
Nikaweka kikombe chini,
nikakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko.